Usukani Upande wa Kulia

Tarehe kumi na mbili mwezi wa nne mwaka huu, saa nne asubuhi, mume wangu Athumani alifariki akiwa amekaa mezani kwake, na kabla ya Alasiri ya siku hiyohiyo ukapotea usukani. Nauandika usukani pamoja na mtu kwa makusudi, na najua wapo watakaosema huyu mama kachanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Ni usukani wa kigari kidogo cha kuweka kabatini, nao wenyewe ni mdogo kama punje ya dengu, na kwa miaka thelathini na kitu marehemu aliutunza ndani ya kichupa cha dawa ya macho. Asubuhi ile alikuwa ameutoa. Alipoanguka kifua juu ya meza mimi nilikuwa uani naosha mchele, na nilipopiga kelele majirani waliingia wengi kwa mara moja, wakafanya kile ambacho majirani hufanya: vitu nje, meza nje, viti nje, chumba kikafagiliwa, mikeka ikatandikwa. Sikuweza kumwambia mtu angalieni usukani. Maneno hayo unayasemaje mbele ya maiti ya mumeo? Nilipopata nafasi ya kuinama, sakafu ilikuwa imefagiliwa mara mbili na kichupa kilikuwa kitupu. Kigari chenyewe walikirudisha kabatini, cha kijani, mlango mmoja wazi, na ndani hakuna usukani, si upande huu wala ule.

Nipo kwenye eda, sitoki, na kabati la kioo linanitazama kutwa. Kuna vigari sabini na kimoja, vyote mfano wa magari ya Kimarekani ya zamani, vyote vya kweli mpaka vitasa vya milango, na hakuna hata kimoja ambacho mtu wa kawaida angekitambua. Yale magari marefu yenye mapezi nyuma ambayo kila mtu ameyaona kwenye picha, marehemu hakuyataka. Alitaka yale yasiyoulizwa, ya viwanda vilivyofungwa zamani. Aliyataja kwa majina yao ya kiwandani na idadi ya milango yao kama mtu anayetaja wajomba zake. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na majina hayo nikiyaandika nitayakosea, kwa hiyo natumia niliyoyapa mwenyewe. Beseni ni lile lililofunikwa matairi mpaka linafanana na beseni lililopinduliwa. Macho Matatu lina taa ya tatu katikati ya uso. Banda lina mbao ubavuni. Na Pua mbele limechongoka kama ndege, nalo ndilo lililoniletea habari yote hii.

Wiki ya tatu ya eda binti yangu Rukia akaniambia kuna kijana ana duka Kariakoo, Mchaga, jina lake Elibariki, anauza vitu vya zamani kwa mtandao mpaka nje ya nchi. Nikasema aje, labda nitapata nafasi ya kuweka vyombo. Alikaa sebuleni, mimi nikakaa chumbani nyuma ya pazia kama inavyotakiwa, Rukia akawa anamfungulia kabati.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Nikasikia mlango wa kioo, kisha "aisee", kisha "duh". "Dada, hebu shika hii," akamwambia Rukia. "Na hii. Na hii pia."

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mama, hizi gari ni kali, sikatai. Hii ya taa tatu sijawahi kuishika, naionaga kwenye simu tu. Ila kuna mtu amezichezea. Usukani uko kulia, zote, ukiacha hii ya kijani isiyo nao kabisa."

"Ndiyo."

"Gari ya Mmarekani usukani unakaa kushoto, mama. Mteja wangu akiona hivi atanizingua. Nani kafanya?"

"Marehemu."

"Zote?"

"Zote. Na kila moja miezi."

"Lakini kwa nini, mama?"

Swali hilo nimemuuliza Athumani maisha yangu yote ya ndoa, kwa upole, kwa ukali, na mbele ya wageni. Sasa kijana wa watu ananiuliza mimi, nami nikajisikia nikimkaripia kupitia pazia: "Ulitaka yapite wapi? Barabara zetu hizi si unazijua mwenyewe tunapita upande gani?" Rukia akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Kijana akasema kwa adabu kwamba atakwenda kufikiria. Hajarudi, wala simlaumu. Ninayemkasirikia yupo makaburini na hanijibu, kama ambavyo hakuwa akinijibu alipokuwa mezani.

Mambo haya yalianza mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, nikiwa na miaka ishirini, kwenye nyumba ya Bi Zuhura, mtaa mmoja nyuma ya soko la Kariakoo. Ilikuwa nyumba ya korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Chumba chetu kilikuwa cha pili kushoto. Ukiingia unagonga kitanda, ukikizunguka kitanda unagonga kabati la nguo, na chini ya dirisha palipostahili jiko langu la mafuta ya taa palikuwa na meza ya Athumani. Alikuwa fundi saa. Mchana alikaa na kisanduku chake cha kioo kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, upande wa Mnazi Mmoja, na jioni alihamishia kazi nyumbani. Mimi kila alfajiri nilitoa karai langu kwenye baraza ya mbele nikachoma vitumbua. Wapagazi wa sokoni walikuwa wakipita pale kuanzia saa kumi na mbili, na kufika saa tatu sinia limebaki na mafuta tu. Baraza ile haikuwa yangu, ilikuja na chumba. Nalisema hili mapema ili ieleweke nilikuwa nagombania nini: chumba kikiondoka, na baraza imeondoka, na mimi nabaki na karai.

Mwaka ule ndipo mabelo ya midoli ya mitumba yalipoanza kushuka Kariakoo, mizigo mikubwa iliyofungwa kwa nyaya kama ya nguo, ila ndani ni wanasesere wasio na nywele na mipira iliyonywea. Belo likikatwa wanunuzi wanalizunguka wamechanua mikono, na nyaya zikilegea tu kila mtu anavamia. Athumani aliacha saa za watu akaenda kusimama pale. Lakini yeye hakuvamia. Alingoja mpaka wote wamalize, kisha akaomba ruhusa ya kuchakura yale yaliyokataliwa. Siku ya kwanza alirudi na Beseni limefungwa kwenye leso yake, akaliweka juu ya meza akavaa kile kioo chake cha jichoni.

"Angalia hii milango," akaniambia. "Angalia hata wiper zipo."

"Nimeona. Na Mzee wa saa ya ukutani amekuja tena. Anasema ana mwezi wa tatu."

"Magari makubwa yana wa kuyakumbuka, Mwajuma. Hili kiwanda chake kimekufa. Nani atalikumbuka?"

"Na ndoa yangu inaelekea hukohuko kilikokwenda kiwanda."

Alicheka, akachukua sindano, akaipasha moto kwenye mkaa wangu, akaanza kuung'oa usukani. Nilidhani anatengeneza. Kumbe anauhamisha. Akanieleza bila kuinua kichwa kwamba gari likiwa na usukani kushoto ni picha ya gari lililo mbali, na yeye anataka lililoko hapa. Kwa siku mbili nilimwona mtu mwenye akili, siku ya tatu nikamwona ananimalizia mkaa. Na saa yangu mwenyewe, ile ya harusi niliyopewa na shangazi, ilikuwa imesimama tangu mwezi wa pili wa ndoa. Alinivua mkononi kwa mapenzi makubwa akasema "lete nikuangalizie", akaifungua, na tangu hapo ikawa kwenye kisahani vipande vipande, kimefunikwa na kikombe. Wanawake wa uani walikuwa wakiniuliza saa ngapi ili wacheke.

Chumba cha mbele upande wetu, chenye dirisha la barabarani, alikaa Bi Zuhura mwenyewe. Alikuwa Mwarabu wa hapahapa, baba yake alikuwa na duka la tende na samli, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili mpaka akawa anatambua mwanga na giza tu. Masikio yalifanya kazi ya macho. Alijua nani amepita na viatu gani. Alijua nimezidisha hiliki kabla sijaonja. Mchana, nikiwa nalala kidogo baada ya kazi, nilisikia kupitia ukuta barua za mwanawe Nassor zikisomwa. Nassor alikuwa Maskati, na barua zake alisomewa na mpangaji mwenzetu, mwalimu wa madrasa, kwa sauti ya kusomea hadhara. Ndivyo nilivyosikia hukumu yetu, nikiwa nimelala nimevaa kanga.

"Anasema, mama, mtaa mzima umegeuka maduka, sisi tunapangisha watu wa vitumbua. Anasema vyumba vya kushoto, ukiacha chako, viwe stoo. Anasema atakuja Ramadhani alimalize jambo hili."

"Amesema vitumbua?" Bi Zuhura akauliza.

"Ameandika hivyo."

"Hajavila."

Nikakaa kitandani nikahesabu miezi. Ilikuwa imebaki minne.

Siku chache baadaye Athumani akaja na Pua. Lilikuwa jekundu, rangi imebanduka kidogo kwenye paa, usukani wa plastiki upo kushoto kama ulivyotoka kiwandani. Alikuwa ananieleza koridoni, huku anafungua mlango wetu, jinsi mbele kulivyochongoka na taa zilivyokaa pembeni, na sauti ikatoka chumba cha mbele.

"Fundi saa. Hizo taa zimekaa kama mashavu ya mtu anayepuliza moto?"

Athumani akasimama. "Ndiyo, Bi Zuhura."

"Baba alikuwa nalo. La kijani. Siku ya Idi tulivuka nalo Magogoni, watu wa pantoni wakawa wanakuja kulishika ile pua, na baba anawapiga mikono kwa tasbihi."

Niseme ukweli: niliona chumba chetu kimepona. Nilimvuta Athumani ndani nikafunga mlango. "Mpe," nikamwambia. "Mpe leo. Mama anakupenda, mtoto anakuja kutufukuza, mpe hicho kigari chake."

"Hiki si chake. Cha baba yake kilikuwa cha kijani, na usukani kulia."

"Bibi haoni, Athumani."

"Mimi naona."

Nilimngoja wiki tatu. Kigari kikawa juu ya meza juu ya kitambaa, anakitazama, anakipima kwa uzi, anakirudisha. Saa za wateja zinarundikana. Siku moja alipokwenda Mnazi Mmoja nikakichukua Pua vilevile kilivyo, chekundu, usukani kushoto, nikakiweka kwenye sinia la vitumbua nikampelekea Bi Zuhura. Nilimwambia mume wangu amemletea zawadi. Huo ulikuwa uongo, nami nilijua ni uongo wakati nasema.

Akafuta mikono kwenye kanga kwanza. Akaipapasa pua, akatabasamu. Akapapasa taa. Kisha akaingiza ukucha wa kidole kidogo dirishani, polepole, akagusa usukani, na lile tabasamu likaondoka.

"Hapa nilikuwa nakaa mimi," akasema. "Upande wa kushoto, baba huku, mimi hapa, miguu haifiki chini. Sasa mmemweka baba kwenye kiti changu. Mimi mmeniweka wapi?"

Nikanyoosha mkono kukichukua kile kigari.

"Mrudishie mumeo. Mwambie amalize. Na wewe punguza hiliki."

Nilimwambia Athumani jioni ileile, kwa sababu Bi Zuhura angemwambia tu. Nilitaka anigombeze ili na mimi niseme yangu. Hakunigombeza. Alisema, "Si nilikwambia?" akavaa kioo chake jichoni. Mpaka leo sijui neno linalokera kuliko hilo likitoka kwa mtu ambaye kweli alikwambia.

Sasa akaanza. Usukani wa plastiki ukavunjika wakati anaung'oa, akakaa siku nne hagusi kitu, kama mtu aliyefiwa. Kisha ikaja habari ya rangi. Akaenda kumuuliza Bi Zuhura kijani gani. Bibi akafikiri, akasema kijani cha parachichi, ila si cha ndani na si cha ganda, cha pale vinapokutana. Akanunua parachichi. Akalikata, akaanza kuchanganya rangi, na kabla hajaipata parachichi likageuka kahawia. Akanunua jingine. Wiki mbili tulikula parachichi asubuhi, mchana na jioni, na mimi tumbo lilikuwa linaanza kumbeba Rukia na sikutaka hata kulinusa. Kila nikimwambia muda unakwisha anasema, "Karibu." Nikimuuliza karibu nini, anakata parachichi jingine.

Nassor alifika siku ya kumi ya Ramadhani. Alikuwa mtu mrefu mwenye kanzu iliyonyooka na manukato yaliyomtangulia koridoni. Siku ya pili akaingia chumbani kwetu na futi ya chuma ya kupimia, anaivuta kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kitanda chetu, mimi nimesimama mlangoni na ndoo. Akafika dirishani. Athumani alikuwa ameinama mezani.

"Meza hii ina upana gani?" Nassor akauliza.

"Samahani, kaka," Athumani akasema bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

Na Nassor akasogea. Hilo nalikumbuka kwa sababu lilinifurahisha na kuniumiza kwa pamoja. Huyu ni mtu anayetuondoa, na mume wangu anamwomba mwanga. Nassor alinyoosha shingo kuangalia kinachofanywa, akasema, "Toy?" Nassor akaniangalia mimi kama anayenionea huruma, akasema tutafute pa kwenda, mwisho wetu Idi mosi na siku mbili za kupakia.

Siku ile nilimsema Athumani maneno ambayo siwezi kuyaandika, na alikuwa amefunga, na mimi vilevile. Nilimwambia mwanaume mwingine angekuwa nje anatafuta chumba. Akasema, "Kesho nitatafuta. Leo rangi haijakauka." Wapangaji wawili wa chumba cha tatu walikuwa wameshahama, mmoja Magomeni, mwingine Buguruni, na korido ikawa inatoa mwangwi.

Akamaliza zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya Idi. Hakuniambia amemaliza. Alinawa, akavaa shati, akabeba kigari kwenye kiganja, akapita mbele yangu, nami nikafunika karai nikamfuata. Bi Zuhura alikuwa kitandani, Nassor kwenye kiti anasoma makaratasi. Athumani akasalimia, akakiweka mikononi mwake. Bibi akaanza upya, pua, mashavu, paa, kisha ukucha dirishani. Ukucha ulikaa upande wa kulia muda mrefu. Kisha ukucha ukahamia kushoto, kwenye kiti kitupu, ukatulia pale.

"Kiti hiki kilikuwa na tundu," akasema. "Nilikuwa nachokonoa pamba."

"Hukuniambia habari ya tundu."

"Ningekwambia ungechukua mwaka mwingine." Nassor akakohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. "Usukani umeutengeneza na nini? Huu wa chuma."

"Gurudumu la saa, Bi Zuhura. Saa ndogo, ya kike."

"Ya nani?"

Athumani akanitazama. Mpaka alipotazama ndipo nilipojua. Nilitoka bila kuaga, nikaenda chumbani, nikainua kikombe kwenye kile kisahani, nikahesabu vipande kama mtu anayejua vilivyokuwa vingapi. Nilikuwa bado nimeshika kikombe nilipomsikia Bi Zuhura kupitia ukuta, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeagiza chumvi.

"Nassor. Hicho chumba cha pili usikiguse nikiwa hai."

"Mama, tumeshakubaliana na mtu wa stoo."

"Mwambie mtu wa stoo mama yako amebaki na chumba kimoja cha kijinga."

Basi tukabaki. Watu hupenda kusikia habari hii mpaka hapo. Marehemu mwenyewe alikuwa akiisimulia mpaka hapo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongeza kwamba Bi Zuhura alifariki miezi mitano baadaye, nikiwa na tumbo la miezi minane, na kwamba Nassor, ambaye hakuwa mtu mbaya, alishika ahadi yake sawasawa: mama akiwa hai hakugusa, mama alipokufa akatupa siku kumi. Wajukuu walikuja na msiba kutoka Maskati, watoto watatu, wakakikuta Pua chini ya mto wa bibi yao. Waliendesha baraza nzima mchana kutwa, ile baraza yangu, wakikisukuma kwenye simenti mpaka rangi ya parachichi ikabaki michirizi. Kufika Magharibi hakuna tairi, paa limebonyea. Athumani alikaa kwenye ngazi anawatazama. Nilimnong'oneza awanyang'anye, akasema, "Ni cha bibi yao." Walipoitwa kula akainama kwenye mfereji, akachakura na kijiti, akaupata usukani. Akaupangusa kwa leso, akautia kwenye kichupa. Hiyo miezi yote ya parachichi na mkaa na kutukanana ilituletea miezi mitano. Tukahamia Magomeni, na vitumbua vyangu havikuuzika tena vile, kwa kuwa huku kila nyumba ina mchoma vitumbua wake.

Aliendelea na vingine, sabini. Pua kingine hakukipata mpaka mwaka jana, kwenye meza ya mitumba, na akawa kama kijana. Alikipaka rangi. Safari hii hakununua parachichi, rangi alikuwa anaikumbuka. Kwenye kiti cha kushoto akatoboa tundu kwa sindano. Alisema usukani atauweka mwenyewe ule wa zamani, na asubuhi ile ndiyo alikuwa anauweka.

Kwa siku arobaini niliwalaumu waliofagia. Hasa Mama Hamisi wa nyumba ya tatu, ambaye ndiye aliyeshika ufagio. Nilimwambia Rukia, na nilisema kwa sauti ya kumfikia, kwamba watu wanakuja msibani kufanya usafi usioombwa. Mama Hamisi alisikia. Hakuja tena.

Siku ya arobaini, dua ilipokwisha na watu wakawa wanakula pilau, Fundi Maulidi aliyekaa na Athumani kibaraza kimoja Mnazi Mmoja akaomba kupitia kwa Rukia apatiwe vifaa vya marehemu, kama bado vipo. Viliviringishwa kwenye kitambaa chake cha mezani siku ya msiba na mtu fulani, nikavitupa juu ya kabati bila kuvifungua. Nilivishusha chumbani nikavikunjua kitandani. Bisibisi, nyundo ndogo, kioo cha jichoni, na kile kibano chake cha zamani. Athumani alikilalamikia kwa miaka ishirini kwamba kimeshika sumaku, hakiachii kitu, na kwa miaka ishirini nilimwambia akitupe anunue kingine. Kwenye ncha yake ulikuwa umeng'ang'ania usukani.

Kisha nikamwita Rukia, nikamwambia apakue sahani ya pilau, iliyo nzuri, ampelekee Mama Hamisi, na amwambie nilikosea, kwa neno hilohilo. Akaondoka. Nikakitoa Pua kabatini, nikaketi mezani kwake, nikavaa kioo jichoni, nikaweka tone la gundi kwa kijiti. Kibano hakikutaka kuuachia, ikabidi niusukume kwa sindano. Umekaa kulia. Umeinama kidogo kwa sababu mkono wangu si wa fundi. Nikaufunga ule mlango wa gari.

Rukia aliporudi nikampa ule mzigo wa vifaa ampelekee Fundi Maulidi. Nikasikia anaufungua sebuleni, anahesabu kwa kunong'ona.

"Mama Rukia," akaita kutoka upande wa pili wa pazia. "Samahani, kibano sikioni."

"Hicho kimeshika sumaku," nikamwambia. "Hakitakufaa."